Wakuu, tela la kulala au motohomu? Mama anakuja Julai na watoto wameshaniandama

#1 MwanaPangani

Wakuu salaam. Niko Dallas, Texas, mwaka wa kumi na moja huu. Nina mke na watoto watatu, wa mwisho ana miaka sita. Julai mama yangu anakuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu. Mama ana kalenda ya ukutani yenye picha ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, tangu mimi nikiwa darasa la nne. Mwaka wa kalenda umekwisha zamani, picha haijashushwa. Nimeapa safari hii atakwenda kusimama pale mwenyewe. Nia ni kutoka hapa, tupite Grand Canyon, tupande Utah, tufike hifadhi ya Yellowstone, turudi. Wiki mbili na nusu hivi.

Hoteli kwa watu sita ni vyumba viwili kila usiku, na mama vyakula vya njiani hali, anataka jiko lake na sufuria yake. Ndiyo nikaanza kuangalia nyumba za magurudumu. Nimebaki na mbili.

Moja ni tela la kulala la futi 30, la mwaka 2018, nyuma lina vitanda vya ghorofa vya watoto. Dola 17,500. Pikapu ya kulivuta ninayo, Ford F-150 ya 2019, injini ya EcoBoost lita 3.5.

Nyingine ni motohomu, nyumba yenye injini yake yenyewe, aina ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, futi 31, chasi ya Ford E-450, injini V10, mwaka 2016, maili 41,000. Dola 52,000.

Mke anataka motohomu. Mimi moyo uko kwenye tela kwa sababu mnaijua wenyewe. Muuzaji wa tela kanambia, "Pikapu yako inavuta paundi 10,000, tela hili hata likijaa halifiki 8,000, wewe lala usingizi." Wenye uzoefu shusheni nondo. Wale wa "rudi nyumbani ukajenge" nawafahamu, piteni tu.

#2 Kifaranga wa Moshi

Nakaa hapa na karanga zangu.

#3 DerevaWaUsiku

Mleta uzi, heshima. Mimi ni wa Kisii, niko Minneapolis, mwaka wa tisa huu navuta trela za futi 53, kwa hiyo niruhusu niongee kama mtu wa kazi.

Huyo muuzaji hajakudanganya. Amejibu swali ambalo wewe hukuuliza. Kuvuta ni jambo moja na kubeba ni jingine. Ile 10,000 ni ya kukokota kitu kilicho nyuma, na wanaipigia hesabu gari likiwa na dereva na abiria mmoja, wote wembamba, bila hata sufuria. Lakini tela halikokotwi tu, linaegemea. Shingo yake inakalia mpira wa chuma nyuma ya pikapu na kuikandamiza. Uzito huo wa shingo unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela zima. Ukisema uhamishie mizigo nyuma ya tela ili shingo iwe nyepesi, ukashuka chini ya 10, tela litaanza kutikisa mkia. Na likishaanza kutikisa mkia ukiwa maili 65 kwa saa, dereva si wewe tena.

Fanya hivi kesho asubuhi. Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna stika ya njano na nyeupe inayosema jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kiasi fulani. Namba hiyo ni ya gari lako wewe, si ya tangazo la televisheni. Humo anaingia dereva, mama watoto, watoto, bibi yao, kapu la vitumbua, na ile shingo ya tela. Halafu kwenye tela, ubavu wa kushoto sehemu ya mbele kwa nje, kuna stika nyingine yenye uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kufikia likiwa limepakiwa. Tumia huo. Ule uzito wa likiwa tupu uache, hakuna aliyewahi kwenda likizo na tela tupu.

Lete namba mbili hapa.

#4 MwanaPangani

Nimetoka nje na tochi, kesho ilikuwa mbali. Mlango wa pikapu: 1,480. Tela (nina picha niliyopiga juzi): 7,600.

#5 DerevaWaUsiku

Haya. Asilimia 13 ya 7,600 ni 988. Watu wazima watatu na watoto watatu, nikikadiria kwa adabu bila kumpandisha mama wa mtu kwenye mizani, 740. Kiungio na vile vyuma vya kusawazisha uzito, 100 hivi. Jumla 1,828.

Umezidi kwa 348, na hujaweka begi hata moja.

Itavuta? Itavuta. Injini hiyo ina turbo mbili, mlima utaupanda ukipiga mluzi. Shida iko kwenye kushuka, kwenye upepo wa ubavuni, na pale semi (lori la trela) kama yangu inapokupita na hewa yake ikakusukuma kando huku springi zako za nyuma zimelala na matairi ya mbele hayashiki vizuri. Barabara kuu ya I-40 kuanzia Amarillo mpaka New Mexico haina mti wa kukukinga. Mimi mwenyewe nikiwa tupu huwa naheshimu upepo wa kule.

Ukilitaka tela hilo na familia hiyo, tafuta pikapu ya daraja la juu yake, zile wanazoziita robo tatu tani, F-250 au zile za 2500. Ukishafika hapo, bei ya tela si 17,500 tena.

#6 Kifaranga wa Moshi

Karanga zimeisha. Endeleeni.

#7 Mama Wawili

Asalaam aleikum jamani. Mimi wa Mombasa, Kisauni, sasa Sacramento. Tuna motohomu mwaka wa sita. Wacha niwape utamu wake na uchungu wake, maana bwanangu akiandika atasifu tu.

Kwanza majina, kwa asiyejua. Herufi A ni ile iliyo kama basi. B ni van, watu wawili wanaopendana sana. C ni hii yenye paji la uso, ndiyo anayosema mleta uzi, na kwa mwenye watoto ndiyo inayoeleweka.

Utamu ni huu. Mnafika kambini usiku, mvua inapiga, hakuna anayeshuka. Unaegesha, unawasha jenereta, chai iko mezani. Mtoto akibanwa na haja njiani, unaegesha kando penye usalama, choo kiko hatua tatu. Kwenye tela wote mnashuka juani, mnazunguka, mnafungua mlango. Na kwenye tela likiwa linatembea hakai mtu, majimbo mengi hayaruhusu, na hata pale isipokatazwa mimi simuweki mwanangu. Kwenye C meza ya kulia ina mikanda, watoto wanakaa pale wanachora. Lakini mama asidanganywe kwamba atalala kitanda cha nyuma gari likienda. Watu wanafanya, ndiyo. Breki ya ghafla haichagui mkwe wala mtoto.

Uchungu sasa. Umefika, umeliweka sawa kwa jeki, umechomeka umeme, umeunga maji, ubavu umeusukuma nje kuongeza nafasi, umetandika. Saa kumi jioni mtu anakwambia maziwa yamekwisha. Unakunja nyumba nzima kwenda kununua maziwa! Ndiyo maana utawaona wenzetu wanaburuta kigari nyuma ya motohomu. Basi na wewe unavuta, ile ile uliyokuwa unaikimbia.

Pili, injini ikigoma na nyumba imegoma. Sisi tulilala usiku nne kwenye uwanja wa gereji moja kule Arizona tukisubiri spea, watoto wanaoga kwa zamu na mafundi wanachungulia. Mwenye tela pikapu ikimharibikia anakodi pikapu nyingine, nyumba imekaa palepale na kiyoyozi kinapuliza. Na jambo ambalo hakuna aliyetwambia: mafundi wa magari wengi wanaiona ndefu, haiingii kwenye jeki yao, wanasema peleka kwa watu wa motohomu. Watu wa motohomu wanasema injini si kazi yetu. Umekuwa mpira wa kona.

Tatu, motohomu haipendi kukaa. Jenereta lazima uiwashe kila mwezi na kuipa mzigo, petroli inazeeka ndani ya tanki la galoni 55, na matairi yanakufa kwa umri hata kashata zake zikiwa mpya. Sisi mwaka wa pili tuliitumia siku kumi na moja tu. Bima ililipwa siku 365.

#8 Bwana Harusi

Kusema ukweli tela ni la wanyonge. Motohomu ndiyo heshima.

#9 Kifaranga wa Moshi

Bwana Harusi, mwaka 1969 Armstrong, Aldrin na Collins walipotoka mwezini walifungiwa karantini ndani ya tela la Airstream lililogeuzwa kwa kazi hiyo. Rais Nixon alikuja kuwasalimia kwenye meli iliyowaopoa baharini, akainama kuongea nao dirishani. Wanyonge gani hao.

#10 Bwana Harusi

Haya yaishe.

#11 Papa Elkhart

Jambo bandugu. Miye ni wa Bukavu, niko Elkhart, Indiana. Kwa wasioijua, hapa kaskazini mwa Indiana ndipo zinapotengenezwa nyumba za magurudumu nyingi kuliko mahali pengine popote Marekani. Ukienda sokoni, kila unayemsalimia kafunga madirisha, kashona viti au kapiga gundi. Nilikaa kiwandani kwenye mstari wa mapaa miaka mine, kwa hiyo sitaongea habari ya kuvuta, nitaongea habari ya maji.

Ndugu mleta uzi, tela lako la 2018 na motohomu ya 2016, zote mbili ukiondoa injini na chasi ni kitu kimoja. Fremu ya mbao nyembamba au ya alumini, sponji katikati, ngozi ya faiba kwa nje, imebandikwa kwa gundi. Paa ni karatasi ya mpira imenyooshwa juu ya mbao. Kila penye tundu, yaani dirisha la paa, kiyoyozi, bomba la hewa la choo, pembe zote nne, kuna mstari wa gundi ya kuzibia unaozuia maji. Mstari huo unapasuka kwa jua. Mwenye nyumba anatakiwa kupanda ngazi kila baada ya miezi kadhaa kuuangalia. Wangapi wanapanda? Maji yakiingia hayaonekani. Yanashuka ndani ya ukuta, mbao inaoza, gundi inaachia, ngozi ya nje inafura kama chapati.

Ukienda kununua, acha televisheni na mataa ya buluu, ndiyo yanawekwa ili usiangalie pengine. Simama pembeni jua likiwa chini, tazama ukuta kwa mshazari, ukiona uvimbe ondoka. Ingia kabatini, bonyeza pembe kwa kidole gumba. Pembe ya motohomu mbaya kuliko zote ni pale paji la uso linapoungana na bodi juu ya dereva, inua godoro la pale, nusa. Harufu haifichiki, na wakiwa wamepulizia manukato mengi, hiyo pia ni jibu. Halafu lipa mkaguzi wa kujitegemea. Pesa hiyo inauma siku moja.

Na tazama tairi. Ubavuni baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2317, ni wiki ya 23 ya 2017. Tairi hilo libaki makumbusho.

#12 DerevaWaUsiku

Nakazia ya Papa. Tairi la tela likipasuka halipasuki kimya, linavunja bomba na sakafu ya choo kwa juu yake.

#13 Mzenji Halisi

Mmeongea injini na mapaa, hakuna aliyeongea choo. Na safari ya watu sita wanaotawaza ni safari ya choo.

Matanki ni matatu. La maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Wenzetu wanatumia karatasi na maji kidogo sana ya kusukumia ili tanki la choo lisijae, matokeo yake kinachoingia kinajijenga chini ya tundu kama kichuguu, siku ya kumwaga hakitoki. Sisi na kopo letu tunamwaga maji ya kutosha. Tanki linajaa mapema, kweli, lakini likifunguliwa linatoka lote kwa mkupuo mmoja. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii desturi yetu imetupa nafuu ya kiufundi.

Mawili ya kushika. Kwanza, mkiwa mmeunganishwa na bomba la kambi msiliache koki la tanki la choo wazi. Maji yatakimbia, mengine yatabaki, na mtakachobaki nacho sitaki kukieleza watu wakiwa wanakula. Lijaze, ndipo ufungue, na baada yake fungua la sinki lisafishe mpira. Pili, glavu. Shemeji yangu alidharau glavu. Hatujampa mkono tangu Idi.

Na maji safi yana uzito. Tanki la galoni 40 likijaa ni paundi 330 na ushee. Kama mnakwenda kambi yenye bomba, beba ya njiani tu.

#14 Mkulima wa Usa

Niko Arusha, nauliza kwa nia njema. Ukimaliza kuitumia si unaipakia melini unaileta huku? Wazungu wanapita hapa na malori yao ya kulala kutoka Cape Town, tunawaona kila siku.

#15 DerevaWaUsiku

Mzee, hao wengi wamejengea juu ya malori ya usukani wa kulia au wamekuja kupita tu. Motohomu ya huku usukani uko kushoto. Kwetu Kenya gari la usukani wa kushoto haliingii kusajiliwa, na lenye zaidi ya miaka minane haliingii vilevile. Tela halina usukani, lakini angalia mlango wake: uko kulia, kwa sababu huku tunaendesha kulia na mlango unafungukia ukingo wa barabara. Kwenu tunaendesha kushoto, bibi atashuka katikati ya malori ya Namanga. Umeme nao, nyumba hizi ni volti 120 na saiko 60, kwenu ni 230 na 50. Utabadilisha kiyoyozi, maikrowevu, chaja, kila kitu.

Kwa barabara za kwenu, hema la juu ya Land Cruiser linatosha, na likiharibika kuna fundi kila kijiji.

#16 Mkulima wa Usa

Hilo la mlango sikuliwaza. Asante mkuu.

#17 Mama Wawili

Mleta uzi, la njia. Hifadhi ya Zion kule Utah kuna handaki lenye maili 1.1, lilikamilika 1930, enzi za vigari vidogo. Motohomu nyingi kwa kimo na upana hazipiti humo kama gari la kawaida, angalia kanuni za mwaka huo kabla hujatoka. Mkitoka Grand Canyon msifuate ramani ya simu kibubusa, itawapeleka kwenye handaki. Zungukeni kwa njia ya mji wa Hurricane, mtaingilia mji wa Springdale. Na mkipata wazimu wa kufika hifadhi ya Glacier kule Montana, barabara yao maarufu ya Going-to-the-Sun, kile kipande cha mlimani, haipitishi chochote kinachozidi futi 21. Tela na pikapu vinapimwa pamoja.

Mkija upande wetu California na tela, mwendo wa juu ni maili 55. Mtapitwa na bibi mwenye baiskeli.

Yellowstone kuna kambi moja tu ndani ya hifadhi yenye umeme na maji, Fishing Bridge, na hawaruhusu mahema ya kitambaa kwa sababu ya dubu. Inajaa mapema mno. Grand Canyon upande wa kusini tafuta Trailer Village.

#18 Mke wa Mleta Uzi

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Naomba iandikwe kwamba mimi nilisema motohomu kabla ya hesabu zote hizi.

#19 DerevaWaUsiku

Shemeji, imeandikwa. Lakini motohomu nayo ina stika yake ya uzito ndani, karibu na mlango. Kuna ndefu za futi 31 ambazo ukishajaza watu na maji, uliyobakiwa nayo ni ya mabegi machache. Chasi ni ya E-450, mwisho wake paundi 14,500, na kiwanda kimeshatumia nyingi kwa makabati. Leseni yako ya kawaida ya Texas inatosha, inayodai leseni nyingine ni ile inayozidi 26,000.

Ushauri wangu ni mmoja. Safari hii mnahama karibu kila siku. Kodini C. Msinunue kitu kwa ajili ya safari moja ya bibi. Baada ya hapo mjiulize wikendi zenu za kawaida zikoje.

#20 MwanaPangani

Kukodi kwa siku 18 si pesa ndogo mkuu.

#21 DerevaWaUsiku

Si ndogo. Lakini 52,000 unaijua.

#22 Kifaranga wa Moshi

Mleta uzi usipoleta mrejesho tutakutafuta Dallas.

#23 MwanaPangani

MREJESHO. Septemba hii, mama bado yuko, anamenya nazi nyuma yangu.

Tulikodi C ya futi 28 kwa mtu binafsi. Maili 100 kwa siku zilikuwa ndani ya bei, zilizozidi senti 45 kila moja. Tulikwenda maili 3,460 kwa siku 18, kwa hiyo nililipia 1,660 za ziada, dola 747 ambazo sikuziweka kwenye bajeti. Someni mkataba. Petroli ilikuwa galoni 398, yaani maili 8.7 kwa galoni. Ninayemfahamu hapa anavuta tela kwa F-150 kama yangu anapata tisa na kitu, kwa hiyo wanaodhani tela linaokoa mafuta, tofauti ni ya soda.

Siku ya kwanza niligonga tawi la mti kwenye kituo cha mafuta kabla hata hatujavuka mpaka wa Texas. Kimo cha gari nilikuwa nimekiandika kwenye karatasi na karatasi nimeiweka mfukoni. Ibandikeni kwenye dashibodi. Umeme wa kambi nyingi ulikuwa ampia 30, ni wati 3,600 tu: kiyoyozi kikiwaka na mke akiwasha maikrowevu, giza. Tulijifunza kuimba, "Nazima hewa, pasha wali."

Mama alikaa mezani na mkanda wake, tasbihi mkononi, dirisha kubwa ubavuni. Kwenye pikapu asingeona hata nusu ya alichokiona, na kupanda tu pikapu kwa magoti yake ingekuwa kazi. Tulikuwa tunaegesha anapotaka. Maharage ya nazi yamepikwa Flagstaff, Kanab na Jackson. Yellowstone aliwaona nyati wa huku akasema hawa wamevaa makoti juu nusu, chini wamesahau. Grand Canyon alisimama muda mrefu, halafu akaniuliza kwa nini kalenda ilipiga picha kipande tu.

Mzenji, kopo lako limefanya kazi. Lote kwa mkupuo. Glavu nilivaa mbili mbili.

Kwa safari ya kuhama kila siku, mke wangu alikuwa sahihi na naandika hapa hadharani. Siku mbili tulizokaa mahali pamoja ndizo zilizotuudhi. West Yellowstone tulikuwa kambini usiku tatu, kila tukitaka kwenda kuona kitu tunakunja nyumba, tunatoa kebo, tunafunga makabati, tukifika hakuna pa kuegesha futi 28. Nikawaza maisha yetu ya kawaida: Ijumaa jioni ziwani Texoma, Jumapili turudi. Unafika, unakaa. Kwa hayo sihitaji injini ya pili iliyolala uwanjani mwaka mzima.

Kwa hiyo motohomu ya 52,000 tumeiacha. Lile tela la futi 30 nalo nililirudia na ushauri wa Papa Elkhart. Niliinua godoro la mbele nikabonyeza pembe, kidole kikaingia. Muuzaji akasema ni kawaida. Nikamwambia na mimi kuondoka ni kawaida.

Nimenunua dogo, futi 22, uzito wa juu 5,500. Shingo 715, familia bila mama 570, kiungio na vyuma 100, jumla 1,385 kwa stika ya 1,480. DerevaWaUsiku usicheke.

#24 DerevaWaUsiku

Sicheki. 95 zilizobaki ni kipoza vinywaji na mwenye kukibeba. Mizigo yote iende ndani ya tela, juu ya ekseli, pikapu nyuma iwe tupu. Umepita kwenye mizani?

#25 MwanaPangani

Nimepita jana, ile ya madereva wa malori kwenye kituo cha mafuta, watu wote ndani na tela limeungwa. Pikapu imesoma 6,960, mwisho wake 7,050. Breki za tela zimefungwa kidhibiti chake, nimejaribu kwenye uwanja wa shule Jumapili. Kurudi rivasi bado. Watoto wanasimama nyuma wananielekeza, kila mmoja upande wake.

#26 Mama Wawili

Hongera. Rivasi shika usukani kwa chini, mkono uende unakotaka mkia wa tela uende. Na watoto watoe nyuma ya tela, waweke mmoja tu, pale unapomwona kwenye kioo chako cha pembeni.

#27 DerevaWaUsiku

Safi sana. Swali la mwisho. Matairi ya hilo tela, tarakimu nne za mwisho zinasoma ngapi?

#28 MwanaPangani

Ngoja nichukue tochi.